Mashimo Kumi na Mawili

Friji ilinyamaza kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa hema, ungo wa mchele mapajani, mkono ukabaki umesimama juu ya chuya. Ukiishi na mngurumo wiki tatu huusikii tena. Unausikia siku unapokatika. Nilingoja urudi. Nikasikia ndege, nikasikia upepo kwenye makuti, nikamsikia bibi yangu akiwapigia ngedere debe upande wa pili wa mahindi. Friji, kimya.

Mle ndani mlikuwa na chupa tisa za insulini, dawa yangu ya miezi mitatu. Nina kisukari tangu nikiwa na miaka kumi na tatu, kile cha kujidunga sindano kila siku. Chupa uliyokwisha kuifungua unaweza kuiweka kwenye mtungi wa maji ikakaa siku zake, lakini akiba inataka baridi ya friji. Waliponipa zile chupa hospitalini kule Amu, Lamu mjini, waliniambia nizitunze kama roho, maana mzigo mwingine haukujulikana ungefika lini. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Najua mwili wangu unakuwaje nikikosa sindano.

Sasa mtu kama huyo anakwenda kufanya nini kwenye hema shambani? Mama aliniuliza hivyo hivyo. Kila mwaka mahindi yakitoa mbelewele, bibi hufunga nyumba yake mjini Pate na kuhamia shambani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, akae kwenye banda mpaka mavuno. Asipokaa, wanavuna ngedere. Mwaka uliopita aliteleza akalala chini peke yake tangu asubuhi mpaka alasiri, na ikaamuliwa kwamba hataenda tena bila mtu. Ndugu zangu wana kazi. Mimi nilikuwa na shahada, sina kazi, na nina hema nililolinunua Mombasa nilipokuwa mwanafunzi. Jirani yetu mjini alijitolea kunihifadhia dawa katika friji yake. Nikakataa. Anauza ukwaju wa barafu, na watoto wanaifungua ile friji kutwa nzima. Baridi yake ilikuwa ngapi? Hajui. Ameipima lini? Akanicheka. Mimi kitu ambacho hakijapimwa siwezi kukiamini. Ndivyo nilivyo, na nyumbani wamekwisha kuchoka.

Nikajifanyia umeme wangu. Sola tatu juu ya fremu ya boriti, friji ndogo ya kufunguliwa juu, na betri mbili za mtumba, zile za sola, zinazotengenezwa kutoa umeme polepole kwa muda mrefu, si za gari zenye kishindo kimoja cha kuwasha injini. Katikati ya sola na betri nilifunga kontrola, kile kikasha kinachozuia jua betri zikishajaa. Kontrola iliishi siku kumi. Hewa ya chumvi iliingia ndani ikala nyaya, na nilipoifungua ilikuwa na kutu ya kijani.

Nilimpigia simu fundi wa Pate, anayetengeneza simu, redio na sola kwenye kibanda kimoja.

"Niletee niitazame," alisema. "Lakini usifunge sola moja kwa moja kwenye betri, dada. Utazipika."

"Nitazipika kwa kipimo gani?"

"Kwa kipimo cha kuzipika."

Hilo kwangu halikuwa jibu. Wiki ile kulikuwa na mawingu. Nikafunga moja kwa moja, kisha nikapima asubuhi, mchana na jioni, siku mbili. Betri zilikuwa hata hazijai vizuri. Nikaandika daftarini: salama. Siku ya tatu mawingu yakaondoka, likawa jua lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, nami sikupima tena. Kwa nini nipime? Nilikuwa na ushahidi.

Aliyegundua ni bibi. Yeye ni mzaliwa wa Amu aliyeolewa Pate, na Kiamu chake hakijambanduka.

"Zitu zako zanuka yai viza," aliniambia asubuhi moja.

"Ni gesi tu, bibi. Kawaida ya betri."

"Na zatokota. Nazisikia."

"Ndiyo chaji inaingia."

"Haya. Wewe ndiwe msomi."

Siku tisa zilipita hivyo, mpaka friji iliponyamaza.

Nilivaa miwani na glavu za kuoshea vyombo, nikafungua vifuniko. Kila betri ina mashimo sita, mbili zina kumi na mawili. Nilimulika shimo la kwanza kwa simu. Ndani ya betri nzima huoni kitu ila maji meusi yametulia juu. Mimi niliona mabamba ya risasi yakiwa wazi, ya kijivu, makavu, yamesimama kama mbavu za samaki aliyesahauliwa juani, na asidi iko chini huko, haifiki hata nusu. La pili hivyo hivyo. La tatu. Nilifungua yote kumi na mawili.

Nikakumbuka siku ya kuzinunua. Nilimhoji muuzaji kuhusu umri wa betri, uzito wa betri, nani alikuwa nazo, kwa nini ameziuza. Akajibu yote. Mwishoni akasema, "Na maji nimeshajaza," nami nikaitikia. Sikufungua hata kifuniko kimoja. Zilikuja zimepungua, kisha nikazichemsha juani siku tisa. Si chumvi ya bahari, si fundi, si muuzaji. Nilikuwa mimi. Nilikaa juu ya mchanga nikiitazama ile mikono yenye glavu za waridi kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Nilizichomoa nyaya zote. Bibi alikuja na debe lake mkononi.

"Zataka nini?"

"Maji."

"Mai si hayo?" Akanyoosha kidole kwenye jabia, lile birika la zamani la kukinga maji ya mvua.

Nikamweleza. Ya kisima yana chumvi, yataziua. Ya jabia yamekaa kwenye chokaa, na jana tu tulitoa chura humo. Betri inataka maji yasiyo na kitu ndani, hata chumvi kidogo, maji ya betri yanayouzwa kwa chupa, na hayapo karibu kuliko Amu. Nilimpigia fundi, na bahati nzuri alikuwa huko huko Amu. Angerudi keshokutwa nayo, na kontrola mpya.

"Na mpaka keshokutwa?" bibi akauliza.

"Joto litaingia kwenye friji."

"Na dawa?"

"Itaharibika."

"Ikiharibika?"

Alikuwa anajua. Nikiwa na miaka kumi na tano ni yeye aliyenikuta sakafuni jikoni, nimelegea, nahema kama niliyekimbia, na ni yeye aliyenipeleka mpaka gatini juu ya punda.

"Nimekuuliza swali, mwanangu."

"Wajua, bibi."

Aliweka debe chini, akaniambia niende nikatafute barafu.

Nilizifunga chupa kwa kanga, nikafunga friji nisiifungue tena, nikaenda mjini Pate kwa mwendo wa kukimbia. Kwa yule jirani wa ukwaju nilipiga hodi nikiwa nimelowa jasho.

"Ala! Leo friji yangu imekuwa safi?" akasema. "Pole, mamii. Ina wiki haigandishi. Namngoja fundi huyo huyo wako."

Nikapanda boda boda mpaka Mtangawanda, kwenye gati, wanakouza barafu ya samaki. Boti ya asubuhi ilikuwa imechukua yote. Mzee wa maboksi alinikwangulia mabaki ya chini, kipande cha ukubwa wa tofali, chenye magamba. Nilikishika kifuani ndani ya ndoo njia nzima, na kila boda boda iliporuka shimo nilisikia maji yakicheza, na maji yalikuwa yanaongezeka. Dereva akaniuliza nina samaki gani. Nikamwambia sina samaki. Akageuka kunitazama mpaka karibu tuingie kichakani.

Alasiri niliposhuka mwisho wa barabara na kuingia njia ya mashamba, kilichobaki kingetosha kiganjani, kama kipande cha sabuni. Nilikuwa nikijiuliza ni chupa ngapi ningeweza kuziokoa kwa kipande kile. Mbili? Nilipofika mahindini, nikasikia friji.

Nilisimama. Nilidhani ni masikio. Kisha nikadhani fundi amerudi mapema, lakini Amu si hapo. Mngurumo ulikuwa ule ule, mnene, wa sawasawa. Niliweka ndoo chini nikakimbia.

Bibi alikuwa ameketi juu ya mkeka mbele ya hema langu, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyemaliza kutwanga. Nyaya zilikuwa zimefungwa. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, sola zinameta juani, friji inafanya kazi. Vifuniko vyote kumi na viwili vilikuwa mahali pake.

"Nani alikuja?"

"Nani aje? Ngedere."

"Nani amefunga hizi nyaya?"

"Mimi. Mara ngapi nimekuona ukifunga? Nina mato, naona."

Betri iliyochemka inatoa gesi, na cheche moja wakati wa kufunga waya ingetosha kuipasua usoni pake. Nilimshika mikono nikaigeuza. Leso yake ilikuwa na matobo, madogo, mengi, kingo zake za kahawia, mahali asidi ilipomrukia. Nilimvuta mpaka kwenye ndoo nikammwagia maji mikononi, usoni, mikononi tena, huku nikimpigia kelele, mimi mwenye shahada, nikimpigia kelele mwanamke aliyenilea.

"Ungepofuka! Unajua hiyo ni nini? Ungepofuka, bibi!"

"Wanilowesha tu. Nilivaa miwani yako."

"Umetia maji gani?"

Alijifuta uso kwa upande mzima wa leso.

"Ya kisima? Bibi, ya kisima? Ya jabia?"

"Hujaniambia yana chumvi na chura? Mimi si kiziwi."

Ndipo nilipokiona. Kwenye mti wa uzio, kimegeuzwa mdomo chini kikauke, palikuwa na kidumu cheupe cha lita tano chenye maandishi ya Kiarabu yaliyofifia ubavuni. Nilikijua. Sote nyumbani tulikijua, na hakuna aliyewahi kukigusa.

Bibi ana sanduku la bati. Ndani yake mna sanda yake, imekatwa na kukunjwa, mna udi, mna kafuri na pamba, na mna kile kidumu cha maji ya zamzam alichorudi nacho kutoka Makka nikiwa sijaanza shule. Wanawake wengi wa umri wake wana sanduku kama hilo. Akienda kulala popote nje ya nyumba yake, hata usiku mmoja arusini Faza, sanduku linakwenda naye, maana hajui atachukuliwa wapi. Yale maji ni ya siku hiyo: kumtia matone midomoni roho ikitoka, na yatakayobaki kuchanganywa na ya kumuoshea mara ya mwisho. Katika miaka yote hiyo aliyafungua mara tatu: babu alipokuwa anakata roho, na mdogo wake bibi. Mara ya tatu ni mimi nilipokuwa nimelazwa, akaniletea kijiko kimoja. Na mimi, nilipofika mwaka wa kwanza chuoni, nilikuja likizo nikamwambia kwamba ni maji ya kisima kama mengine, yana madini, ukiyachemsha yakakauka utaona chumvi chini ya sufuria. Hakunisemesha siku mbili.

"Yote?" nikauliza.

"Kila shimo na haki yake. Na bismillahi kila shimo. Mpaka zile zuma za ndani zikazama."

"Kwa nini yale?"

Alinitazama kama amwonaye mtoto mzito wa kuelewa. "Umesema wataka mai yasiyoharibika. Haya yamekaa miaka yote hii, hayakufanya ukungu, hayakunuka. Katika shamba hili lote, kuna mengine?"

Sikusema yasiyoharibika. Nilisema yasiyo na kitu. Lakini yeye alikuwa amelipima jambo kwa kipimo alichokuwa nacho, akatafuta maji yote aliyoyajua, akayaondoa moja moja, likabaki lile dumu. Na yale maji yana madini. Kile kile nilichomwambia likizo ile ndicho kilichoingia kwenye betri zangu. Yatapanda juu ya mabamba na kufanya kazi leo na kesho, kisha yatayala polepole. Nilielewa vizuri kabisa kwa nini friji ilikuwa inanguruma: mabamba yamefunikwa, umeme umepata njia. Hapakuwa na cha kustaajabisha. Hata hivyo nilikaa pale mchangani, nikafungua friji, baridi ikanipiga usoni, nikahesabu chupa, tisa, nikafunga, nikafungua tena.

"Wapoteza baridi," bibi akasema.

Usiku ule na siku iliyofuata sikumwambia neno juu ya madini. Nilipima betri kila saa. Kila nilipopima alikuwa anauliza, "Ziko hai?" nami naitikia, "Ziko hai," na nilikuwa siwezi kumtazama usoni.

Keshokutwa ilipofika, fundi akaja na boda boda, chupa za maji ya betri zikigongana mfukoni, na kipimo chake cha kioo cha kufyonzea asidi. Alifungua kifuniko cha kwanza.

"Mbona maji yapo? Ulitia nini?"

"Bibi ndiye aliyetia."

"Bibi, ulitia mai gani?"

"Zamzam," bibi akajibu kutoka jikoni, bila kugeuka.

Fundi aliinua mkono kutoka kwenye betri kana kwamba imemuuma. Alivua kofia. Alinitazama mimi, akalitazama dumu, akatazama betri. Kisha kicheko kikamshika, kile kicheko cha mtu anayejua si mahali pake, akaziba mdomo kwa kofia.

"Astaghfirullahi! Dada, betri zako zimehiji. Wewe bado!"

"Fanya kazi," nikamwambia.

Alifyonza, akapima shimo moja moja. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa sheria angemwaga asidi yote, asafishe, atie mpya. "Lakini mimi simwagi. Nitaimwaga wapi? Zamzam haikanyagwi, na hii ukiitia kwenye mti, mti unakufa. Tafuta mtu mwingine." Aliongeza maji yake juu kidogo, akafunga kontrola mpya, akanywa chai. Hakunisuta kwa kuzipika. Labda alikusudia, akasahau.

Alipoondoka, nilikwenda kwa bibi. Alikuwa akichambua mchele ule ule niliouacha siku ile. Nilikuwa nimeamua kumwambia kweli, kwa sababu sijui kuishi na mtu bila kumwambia kweli, na kwa sababu kumficha kulikuwa kumenikosesha usingizi.

"Bibi. Yale maji yana madini ndani. Si mabaya kwa mtu. Kwa betri ni mabaya. Zitakufa mapema."

"Lini?"

"Sijui. Mwaka. Pengine pungufu. Zingeishi miaka mitatu."

Alitoa chuya moja, akaitupa. "Na dawa yako?"

"Nzima. Zote tisa."

"Basi wanigombeza nini?"

Nilitaka kumwambia simgombezi. Nilitaka kumuuliza namna gani mtu anafikia uamuzi kama ule bila kumuuliza mtu, kwa muda ambao mimi nilikuwa natafuta tofali la barafu. Badala yake nikauliza swali nililokuwa nalo siku mbili.

"Na siku yako, bibi? Watakutia nini mdomoni?"

Akapepeta ungo, makapi yakaruka, akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa apike nini.

"Utanitia mai ya jabia," akasema. "Ila mtowe chura kwanza."

Nilicheka kwa nguvu nikashangaa kwamba ni mimi ninayecheka, kisha nikagundua kwamba alikuwa amesema *utanitia*, mimi, sio mama, sio shangazi zangu. Hakungoja nijibu. Aliniuliza kama nimeshajidunga ya mchana. Nilikuwa bado. Nikaenda kwenye friji, nikatoa chupa, nikaishika kiganjani ipungue ubaridi, na yeye akaacha ungo akasimama mlangoni kuhakikisha.